Zabibu Zangoja Kengele

Siku ya Mtakatifu Laurenti, Agosti. Joto. Anga safi.

Mnajimu wa kweli huandika hali ya hewa kila siku. Ndivyo nilivyofundishwa Bolonya, ambako nilisoma misimu miwili ya baridi. Wa tatu sikuuhitaji, walimu walikuwa wameishiwa. Basi naandika, na leo nina zaidi ya joto la kuandika.

Jioni tulikula kwa Messer Rinieri, bwana wetu hapa Castelrovo. Nguruwe wa kuchoma, tini, jibini la kondoo. Nikawasimulia ile siku nilipotabiri kupatwa kwa jua kule Padova, hata askofu akaanguka kutoka mgongoni mwa nyumbu wake kwa hofu. Walicheka wote isipokuwa Fra Ilario, mtawa anayemuungamisha bwana, mtu mwembamba kama mshumaa wa maskini.

"Maestro Aldobrando," akasema, "jua la Padova umekwisha kulimaliza. Tuambie la hapa. Zabibu tutavuna lini?"

Messer Rinieri akaweka kisu chini. Kwetu mtu havuni zabibu siku anayotaka. Lazima kengele ya mnara ipigwe kwanza, mji mzima uingie mashambani pamoja, ili fungu la bwana lisifichwe na mvinyo wetu usiharibiwe na wenye pupa. Atakayechuma kabla ya kengele hukatwa mkono wa kuume. Na tangu bwana aniajiri, siku ya kengele naichagua mimi na kamba naivuta mimi. Ila kila mwaka naichagua Septemba, nikiwa nimeshapita mashambani kuonja zabibu kwa siri.

"Nyota zinahitaji muda," nikasema.

"Aa, zinahitaji muda." Fra Ilario akamgeukia bwana. "Kama mpishi asiye na kuni."

Watu wakacheka kuliko walivyomchekea askofu wangu. Damu ikanipanda kichwani.

"Mtakatifu Mikaeli!" nikasema, na nikapiga meza mpaka tini zikaruka. "Siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba, asubuhi. Si siku moja kabla, si siku moja baadaye. Nimekwisha kuiona."

Sikuwa nimeona kitu. Naliandika hapa kwa kuwa mwandiko wangu hausomwi na mtu, mimi mwenyewe hunishinda.

Kesho yake. Joto.

Nimeshinda na majedwali ya nyota nikitafuta sababu za Mtakatifu Mikaeli. Nimezipata. Jua ndani ya Mizani, Zuhura nyumbani kwake, Zohali amekaa kando kama mkwe aliyenuna. Mbingu ni pana, anayetafuta sababu huko hakosi.

Mchana baragumu likapigwa sokoni, siku ikatangazwa. Nilidhani bwana angengoja kidogo.

Jumatano. Joto.

Alhamisi. Joto.

Kupalizwa Bikira Maria. Joto. Upepo wa kusini, ule unaokausha mate.

Leo Nuta ameposwa. Huyu ni binti wa marehemu dada yangu, amelelewa nyumbani kwangu, ana mdomo wa mama yake. Mchumba ni Cenni, mwana wa Monna Gisla, yule mjane mwenye shamba la mizabibu bondeni karibu na mto. Kijana mrefu, mpole, akikaa hajui miguu aiweke wapi. Harusi itakuwa mvinyo ukishaingia mapipani.

Nikawapa hadithi ya Padova, jinsi kardinali alivyoanguka kutoka kwenye farasi.

"Mjomba," akasema Nuta huku akikata mkate, "Juzi alikuwa askofu."

"Askofu alikuwa nyuma yake."

"Na nyumbu?"

"Alimwangukia nyumbu."

Monna Gisla hakucheka. Akaniuliza, "Maestro, kwa joto hili Mikaeli si mbali? Za kwangu zimeanza kuwa nyeusi."

Nikamwambia rangi si utamu. Amenyamaza, lakini alinyamaza kama mtu anayeweka akiba.

Alhamisi. Joto.

Mtakatifu Bartolomeo. Joto bado. Miaka yote siku hii huleta ubaridi, wazee wameshatoa makoti yao, wamesimama nayo mkononi kama watu waliodanganywa.

Nimeshuka bondeni asubuhi, eti kupima kivuli cha mnara. Nikachuma zabibu moja tu kwenye ukuta wa Monna Gisla. Tamu. Mtakatifu Bartolomeo, na tamu! Nimeitema mara moja, kana kwamba nikiitema utamu utarudi nyuma.

Alhamisi. Joto. Nyigu.

Kukatwa Kichwa kwa Yohane Mbatizaji. Joto. Mawingu madogo upande wa milimani, yakapotea.

Nilipita kwa Bozzo, mlinzi wa mashamba. Ndiye anayekamata wachumaji na ndiye anayeshika shoka la bwana, lakini pia ana mistari yake ya mizabibu juu ya kinu. Nikamkuta ananoa.

"Unanoa nini?" nikamwuliza.

"Mundu wa mavuno, maestro. Na hili shoka, kwa kuwa jiwe limeshalowa." Akanitazama. "Wewe uonaye kule juu, niambie mimi tu. Kweli ni Mikaeli? Zangu zinaliwa na shomoro mpaka wanashindwa kuruka. Juzi nimeokota mmoja mkononi kama yai."

"Bozzo, unamuuliza hivyo mtu aliyemwangusha kardinali?"

"Sikuulizi habari za kardinali," akasema. "Naulizia zabibu."

Zamani Bozzo angecheka.

Jumatano. Joto. Nimeota kengele haina ulimi.

Kuzaliwa Bikira Maria. Joto, ukungu asubuhi.

Baada ya misa watu walisimama mbele ya kanisa, na nilipotoka wakanipisha. Si kwa heshima. Walinipisha kama watu wanavyompisha aliyebeba ndoo ya maji machafu. Monna Gisla akaja mpaka kifuani pangu.

"Njoo unuse shamba langu, baba wa nyota. Chini zimeanza kupasuka. Nuta ataolewa kwa mvinyo wa nani? Kwa siki?"

"Mama, sheria ni ya bwana."

"Sheria ni ya bwana, siku ni yako."

Nikaenda moja kwa moja kwa Messer Rinieri. Nikamkuta anamlisha kipanga wake vipande vya moyo wa kuku, Fra Ilario pembeni na shanga zake za sala.

"Bwana wangu," nikaanza kwa mbali, "jua la mwaka huu limekuwa na haraka."

"Na nyota?" akauliza bila kunitazama. "Nazo zina haraka?"

"Nyota haziendi haraka, lakini..."

"Lakini zimebadili mawazo," Fra Ilario akadakia. "Basi ni nyota au ni watu wa sokoni?"

Kipanga akanitazama pia. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikasema, "La hasha! Nilitaka kumhakikishia bwana kwamba nyota ziko imara. Mikaeli ni Mikaeli."

Nimerudi nyumbani kupitia nyuma ya kuta, kwenye takataka.

Ijumaa. Mvua kidogo alfajiri, kisha joto. Mbaya. Zabibu iliyokauka ikinywa maji ghafla hupasuka. Hata mnajimu analijua hilo.

Jumamosi. Joto. Mji mzima unanuka kama pipa lisilofunikwa.

Kutukuka kwa Msalaba. Joto. Sina nguvu ya kuandika lakini nikiacha nitaandika nini baadaye?

Wamemkamata Cenni.

Nilikuwa sokoni nikinunua vitunguu. Bozzo akaja anamtangulia, hakumfunga hata kamba. Cenni ana kapu mkononi, mkono mwingine hajui auweke wapi. Nyuma yao Monna Gisla, bila kilemba, anatembea kimya. Messer Rinieri akatoka ukumbini.

"Umechuma?"

"Nimechuma zilizopasuka tu, bwana," akasema Cenni. "Za mstari wa chini. Zilikuwa zinaambukiza zile nzima. Onja, siki tupu."

"Kengele imepigwa?"

"Haijapigwa, bwana."

"Bozzo, wewe umeisikia?"

Bozzo alikuwa anatazama viatu vyake. "Sijaisikia, bwana."

"Basi."

Watu wakaguna. Si kwa nguvu, lakini wengi. Messer Rinieri akaisikia ile sauti, nami nikamwona ameisikia, na nikajua hatarudi nyuma. Bwana mdogo wa mji mdogo hawezi kurudi nyuma mbele ya watu wanaoguna.

Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata na vitunguu vyangu.

"Maestro. Mkono wa mtu haukatwi saa yoyote. Mwezi ukikaa vibaya damu haikomi, na mimi sitaki kumwua kijana kwa kapu la zabibu. Nichagulie saa."

Watu wote wakanigeukia. Nuta alikuwa amesimama kwenye ngazi za kisima. Sikumwona alipofika.

"Mwezi," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine, "Mwezi sasa uko Mapacha, bwana wangu, na Mapacha ndiye anayetawala mikono. Chuma hakigusi mkono Mwezi ukiwa humo. Hata daktari wa farasi anajua."

Hilo lilikuwa kweli. Ndilo jambo pekee la kweli nililolisema mwezi huu. Cenni akawekwa chumba cha chini ya ukumbi.

Jumanne. Joto. Nuta hajapika.

Jumatano. Joto.

Nuta amepika maharage, akaweka bakuli moja tu, akakaa mbele yangu kunitazama nikila.

"Mjomba, ile Mikaeli uliipata wapi?"

"Zuhura akiwa nyumbani kwake..."

"Siulizi Zuhura. Nauliza wewe. Ulirudi kutoka kwa bwana usiku ule wa Laurenti, ukaimba ngazi nzima. Kesho yake ndipo ulipofungua majedwali. Mimi ndiye niliyekushikia taa. Nilifikiri unahakiki. Ulikuwa unatafuta, sivyo?"

Nikalisukuma bakuli kando.

"Cenni anatumia mkono wa kuume kupogoa," akasema. "Wa kushoto wake haujui hata kufunga kifundo. Nataka ujue hilo tu."

Alhamisi. Joto. Nimemwambia bwana Mwezi umeingia Kaa, na Kaa ni maji, na damu ni maji. Fra Ilario akasema hata yeye ana kalenda, na Mwezi uko Simba tangu jana usiku. Nikasema kalenda yake imechorwa na masista. Bwana hakucheka.

Ijumaa. Joto. Upepo wa kusini tena.

Nimekwenda kusema ukweli. Naandika polepole, kwa maana sijazoea.

Bwana alikuwa ananyolewa. Nikapiga magoti, jambo ambalo sijalifanya tangu Padova, na hata Padova sikulifanya.

"Bwana wangu, siku ya Mikaeli sikuisoma popote. Niliitaja mezani kwa hasira, kwa sababu mtawa alinidhihaki. Sababu nilizitafuta kesho yake. Kijana ana haki. Zabibu zimeiva."

Messer Rinieri akaanza kucheka, mpaka kinyozi akaondoa wembe shingoni mwake. Alicheka kwa mdomo. Macho yalibaki pale pale.

"Umeamua kuwa mwongo kwa ajili ya mkwe wako!"

"Mwongo nimekuwa siku zote, bwana. Leo ndio siko."

"Hapana, hapana. Mtu aliyemwangusha kardinali Padova hamdanganyi bwana wake."

"Hakukuwa na kardinali."

"Askofu, basi."

"Hakukuwa na askofu. Kulikuwa na mwenye duka la viatu, na alijikwaa."

Kinyozi akakohoa. Bwana akapangusa povu shingoni mwake, taratibu, mpaka likaisha lote.

"Jumapili, baada ya misa ya asubuhi," akasema. "Utapanda mnarani na astrolabu yako ya kupimia nyota na kitambaa chekundu. Saa ikifaa, utapunga. Bozzo atakuwa anakutazama. Na usinikasirishe tena kwa unyenyekevu, haukupendezi."

Nimeona hivi: nilipodanganya mji mzima uliniamini kwa pigo moja la meza, na niliposema kweli nikiwa nimepiga magoti hakuna aliyenisikia, hata kinyozi.

Jumamosi. Joto. Nimeipaka astrolabu mafuta. Mengine nimeyamwaga juu ya mkeka. Nuta amefua shati la Cenni.

Jumapili, mkesha wa Mtakatifu Mathayo. Joto. Wingu dogo moja.

Nitaandika yote kwa utaratibu, jinsi yalivyokuwa, kwa sababu tayari wanayasimulia vingine.

Baada ya misa nilipanda mnarani. Ngazi zile nimezipanda miaka na leo niliona kila moja. Kule juu pana kengele, pana madirisha manne, pana kamba yenye kifundo nilichokifunga mwenyewe mwaka jana, ili upepo usiichezee. Nikaning'iniza astrolabu kwenye kidole, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, na hii ndiyo kazi yangu.

Chini niliona gogo katikati ya uwanja. Bozzo na shoka. Cenni kavaa shati safi, mkono wa kuume umekunjwa mpaka kwenye kiwiko kama mtu anayekwenda kukanda unga. Amekaa, na kwa mara ya kwanza miguu yake imetulia. Monna Gisla kamshika bega. Nuta hakumshika mtu. Alisimama peke yake, amekunja mikono, anatazama juu. Hakuwa anatazama kengele wala mbingu, alikuwa ananitazama mimi.

Niliangalia pande zote nne. Naapa mbele ya kila mtakatifu, niliomba dhoruba. Niliomba tetemeko, niliomba Wafaenza, adui zetu wa ng'ambo ya milima, waje na moto. Nikaona nini? Juu ya milima palikuwa na wingu moja, jeupe, dogo, la kawaida, linakwenda zake. Majani ya mizabibu bondeni hayakutikisika. Siku nzuri kabisa.

Bozzo akainua uso. Bwana dirishani akainua mkono, kama kusema, vipi, maestro?

Nikatia mkono mfukoni kutoa kitambaa. Nikakigusa. Kilikuwa na majimaji ya jasho langu. Nikakiacha humo, nikaweka astrolabu sakafuni, nikakata kifundo kwa meno, nikavuta kamba.

Pigo la kwanza lilikuwa dogo, kengele ilikuwa imelala mwaka mzima. La pili likatoka lote.

Uwanjani hakuna aliyejongea. Nilivuta tena. Nikaona midomo imefunguka, hata ya Fra Ilario. Kisha sauti ya mwanamke, na ninaifahamu, ilikuwa ya Nuta wangu, ikapasua:

"Kengeleee! Zabibu, jamani! Kengele!"

Ndipo uwanja ukamwagika. Sijaona vile tangu nizaliwe, na mimi nimeona mengi. Wanawake walivua aproni wakazifanya makapu. Mzee mmoja alikimbia na kiti cha kanisa kichwani. Bozzo akalitazama shoka, akatazama kule juu ya kinu, akalitazama tena shoka. Akaliegemeza kwenye gogo, vizuri tu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, akaondoka mbio. Nuta akamfikia Cenni, akamshusha mkono wa shati, akamfunga kishikizo. Kisha wakakimbia nao.

Mimi niliendelea kuvuta. Si kwa ushujaa. Niliogopa kwamba nikiacha nitalazimika kushuka.

Jioni, siku ile ile. Ngozi ya viganja imetoka, naandika na kitambaa chekundu mkononi.

Hawajanikamata bado. Niliposhuka uwanja ulikuwa mtupu, gogo tu na kuku. Nikakaa nyumbani kungoja walinzi. Akaja jirani, amelowa maji ya zabibu mpaka nywele.

"Maestro, Mungu akubariki! Ulikuwa umeliona!"

"Nini?"

"Wingu! La mvua ya mawe! Jeusi kama chungu!"

Nikamwambia halikuwa jeusi. Akanikonyeza. Baadaye akapita mwingine, wingu kwake lilikuwa na ukingo wa kijani. Wa tatu alisikia linanguruma, na mawe yalikuwa makubwa kama ngumi, yameanguka upande wa pili wa mlima, kwa Wafaenza, stahili yao. Mke wake akamsahihisha: kama vichwa vya ndama. Na kwamba maestro, kule juu, alipoliona alitupa chini chombo chake cha dhahabu na kuiita kengele kwa Kilatini.

Mimi nimesimulia uongo maisha yangu yote na sijawahi kuushuhudia ukizaliwa bila mimi. Nilikaa mlangoni nikiusikiliza unavyokua, na uliniogopesha kuliko shoka.

Fra Ilario anasema si nyota, ni kengele, maana aliibariki yeye mwenyewe wakati wa Pasaka, na mawe hukimbia kengele iliyobarikiwa. Amesema hayo mbele ya watu. Kwa hiyo naye sasa analihitaji wingu.

Mtakatifu Mathayo. Joto. Uwanja mzima unanata.

Bwana ameniita. Alikuwa peke yake, hata kipanga hakuwepo.

"Ulipiga bila ruhusa yangu."

"Saa ilikuja ghafla, bwana wangu. Kulikuwa na wingu..."

"Nilikuwa dirishani, Aldobrando." Hakuniita maestro. "Nililiona lile wingu. Nina leso kubwa kuliko lile."

Akavuta kiti, akakaa.

"Ijumaa, mbele ya kinyozi. Uliniambia kweli?"

"Ndiyo, bwana."

"Nilijua." Nje wanawake walikuwa wanaimba wakipita na mikokoteni. "Nilijua tangu ulipopiga meza usiku wa Laurenti. Unafikiri mimi mjinga? Lakini niliitangaza. Nilitia baragumu langu juu ya neno lako. Watu hawa wakijua siku ya kengele ilitoka mdomoni mwako, kesho watauliza sheria yangu imetoka mdomoni mwa nani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana."

"Wingu lilikuwa jeusi."

"Kama chungu, bwana."

"Mikaeli ilikuwaje?"

"Mikaeli ilikuwa... nyota zilionyesha Mikaeli, kisha wingu likaja, nyota zikatuonya."

"Mikaeli ingekuwa maangamizi," akasema. "Tungebaki na mashina. Sema."

"Tungebaki na mashina."

"Kijana atakanyaga zabibu zangu msimu mzima bila ujira. Nahitaji miguu yake, na mikono ya kujishikilia asianguke. Kinyozi nimempa mbuzi, afunge mdomo." Akanionyesha mlango. Nilipofika mlangoni akasema, "Na mwakani utaitaja siku mapema zaidi. Pasaka. Watu wamependa."

Nimetembea mpaka nyumbani. Nilidhani nimeokoka.

Jumanne. Joto. Kukanyaga.

Jumatano. Joto. Cenni amekuja kula, miguu ya zambarau mpaka magotini. Alinishika mkono kwa mkono wake wa kuume, akaushikilia muda mrefu. Nuta akasema, "Mwambie habari za Padova, mjomba." Nikasema nimesahau.

Ijumaa. Joto limepungua.

Jumapili. Ubaridi kidogo. Nimeonja mvinyo mpya wa bondeni. Mkali. Zingengoja kidogo... Basi.

Mtakatifu Mikaeli. Asubuhi baridi, anga kavu, jua laini. Hakuna wingu pande zote nne. Umande umekauka mapema. Upepo mwembamba kutoka kaskazini, ule unaokusanya utamu.

Nyuma ya nyumba nina mzabibu mmoja uliopanda ukutani. Katika fujo zote hakuna aliyeukumbuka kuuvuna. Nuta ameuona leo, akachuma kichala, akakiweka mezani. Zabibu nzuri kabisa, haijapasuka hata moja, zina lile vumbi jeupe kama pumzi kwenye kioo. Tumekula wote watatu.

"Mama yangu!" akasema Cenni. Hasemi sana huyu.

Nuta akafumba macho. Akala nyingine, na nyingine. "Mjomba, hizi ndizo tamu kuliko zote za mwaka huu. Kuliko za miaka yote. Kama tungezivuna zote leo..."

Akakoma. Akanitazama. Nami nikatazama ukuta.

Nilisema Mikaeli. Niliisema usiku wa Laurenti, kabla ya kufungua jedwali hata moja, mbele ya mtawa, bwana na nguruwe wa kuchoma. Si siku moja kabla, si siku moja baadaye. Hakuna mnajimu kutoka hapa mpaka Bolonya aliyewahi kupiga vile.

Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona zabibu.

"Bado zilikuwepo? Mikaeli hii! Maestro, si ulisema leo tungebaki na mashina?"

"Mashina matupu," nikamwambia. "Usingepata hata moja ya kumpa shomoro."

Akaomba kidogo aonje. Nikamwambia zimechacha, nikafunika bakuli.